Burkini tatu nlizovaa Ujerumani: ipi ya kununua na ipi ya kuacha

Nianze na jibu kabisa kwa walio na haraka. Ukiwa wataka burkini (ile nguo ya kuogelea ya stara, inayofunika mwili na kichwa) ya kuogelea kikweli, si ya kukaa ukingoni ukapiga picha, tafuta ile ya nailoni iliyochanganywa na laikra, ule uzi unaovutika, kofia yake iwe yatoka, na ndani iwe na kamba za kufungia kanzu kwenye suruali. Ya kwangu ya tatu iko hivyo, nliinunua yuro 69, mwaka wa tatu huu naivaa karibu kila Jumamosi na bado iko sawa. Mbili za kabla yake zimenifunza mengi na zimenila pesa, ntazieleza zote, majina ya maduka nayaacha manake nataka mtu aangalie kitambaa na mshono, mambo ya lebo baadaye.

Wenye muda sasa, kaeni kitako.

Mie ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, nyumba yetu ukipanda darini waiona bahari. Na nkafika miaka 36 sijui kuogelea. Nikiwaambia Wajerumani hawaamini, wanadhani mtu wa pwani azaliwa na mapezi. Lakini dada zangu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja mwajua ilivyo. Kaka zetu walikuwa wakijirusha majini tangu wana miaka sita, sisi twaangalia. Bahari yetu sie ilikuwa ni siku ya kwenda pwani na familia, jioni jua likishapungua ukali, waingia na dera lako mpaka kiunoni, dera lavimba kama mwavuli, mwacheka, mwarushiana maji, watoka wajifunga leso mbili, basi, muhogo na mabuyu halafu nyumbani. Kwenda mbele zaidi ya hapo hakuna aliyekukataza kwa mdomo ila pia hakuna aliyekufunza. Na nguo yenyewe haikubali, dera likiloa ni kama mtu amekushika miguu.

Na ni bahari hiyo hiyo iliyotuchukulia watu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka wakafa watu 272, na safari yenyewe ni fupi, ng'ambo waiona kwa macho. Nlikuwa mtoto lakini nakumbuka vile mtaa ulivyonyamaza. Kisha Septemba 2011 ikazama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Skagit. Kila nikisikia chombo kimezama akili yangu huenda kwa kina mama waliokuwa na buibui na mtoto mkononi, saa ile maji yanaingia walifanyaje.

Basi nliolewa nkaja huku, eneo la Ruhr, si mbali na Dortmund. Binti yetu alipofika darasa la tatu shule ikaleta barua: kuogelea ni somo kama hesabu, mara moja kwa wiki, na ingefaa kila mtoto awe na Seepferdchen. Hiyo ni beji ya kitambaa yenye picha ya farasi wa baharini, yashonwa kwenye nguo ya kuogelea. Ili aipate mtoto lazima aruke majini kutoka ukingoni, aogelee mita 25, halafu achukue kitu chini kwenye maji yanayomfika mabegani. Binti yangu akasoma ile barua akaniuliza, mama, wewe unayo?

Nkamwambia sina. Usiku ule ule nkaanza kutafuta burkini kwenye simu.

Sasa hii ya kwanza. Yuro 24, onlaini, rangi ya bahari yenye maua, picha nzuri, maelezo ya bidhaa yametafsiriwa na mashine hata hayaeleweki. Ilikuja baada ya wiki tatu. Kuishika tu nkajua, ile ni polista tupu, kitambaa cha kushonea suruali ya mazoezi, laikra hakuna kabisa. Majini ilifanya mambo mawili kwa pamoja na yote mabaya: ilivuta maji ikawa nzito, na ile kanzu ikajaa hewa ikapanda juu mpaka kifuani, nimebaki na puto shingoni huku mgongo na kiuno viko nje. Stara yenyewe niliyoilipia haipo. Kofia ilikuwa imeshonwa moja kwa moja na kanzu, ukiinamisha kichwa yajaa maji kama mfuko, ukiinua yakuvuta nyuma. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja Mjerumani mpole sana, akaniambia, wewe hushindwi kuogelea, ni hii nguo yaogelea kwa upande wake. Zipu ya mgongoni ikakatika mwezi wa pili. Ile nliitupa. Nampa nyota moja na hiyo nyota ni kwa ajili ya rangi, ilikuwa nzuri wallahi.

Hapa niseme kidogo kuhusu hiki kitu chenyewe manake watu wengi wanadhani burkini imetoka Uarabuni au imetungwa na masheikh. Imetungwa na mwanamke, Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Australia, mapema miaka ya 2000. Alimwona mtoto wa nduguye akicheza netiboli na hijabu na matabaka ya nguo, ameiva uso kwa joto, akaenda akashona kitu cha kumsitiri mtoto na kumwacha acheze. Jina akaliunga kwa burka na bikini. Desemba 2005 kukatokea zile ghasia za Cronulla pale Sydney, watu wakipigwa ufukweni kwa sura zao za Kiarabu, na baada ya hapo waokoaji wa ufukweni wakataka kuingiza vijana wa Kiislamu kwenye kazi, Zanetti akawashonea wasichana burkini ya rangi za waokoaji, nyekundu na njano. Mie hii habari huipenda sana. Nguo ilitoka kwa mtu anayetaka mtoto acheze na ikaishia kwa mtu anayeokoa wanaozama, na Waislamu wengi wanaoivaa hawajui hata hilo.

Ya pili nliinunua dukani, kwa Mturuki mtaani kwetu, yuro 45. Waturuki wenyewe wanaiita haşema, wamekuwa nayo tangu miaka ya 90 na wanaijua. Yule mama mwenye duka alinipima kwa macho akaniambia usichukue kubwa, watu wote wanakosea hapo, wanachukua saizi kubwa wakidhani ndio stara zaidi, na majini ile kubwa ndiyo inayokuvua nguo. Alikuwa sawa kabisa na hili ndilo jambo ntakalorudia tena chini. Hii ilikuwa na laikra kidogo, kanzu inafika juu ya magoti kidogo, suruali ya taiti, kofia ya peke yake inayofungwa kwa lastiki chini ya kidevu. Nlijifunza nayo mtindo wa chura, huku ndio wanaoanza nao, na mwezi wa tano nkavuka bwawa upande mmoja hadi mwingine bila kushika kamba. Nlilia ndani ya maji, hakuna aliyejua.

Tatizo la hii ya pili ni klorini. Laikra ya kawaida klorini inaila polepole. Baada ya miezi kumi kitambaa makalioni kikaanza kulegea na kupauka, ukikiweka kwenye mwanga waona upande wa pili. Nguo ya stara ikishafika hapo kazi imekwisha. Nlitumia mwaka mmoja kasoro. Kwa baharini na kwa mtu wa kuogelea mara mbili tatu kwa mwaka ni nzuri tu, chukua. Kwa bwawa kila wiki, hapana. Nyota tatu.

Sasa niache nguo kidogo niseme kuhusu pale mahali pa kuivalia, manake burkini haivaliwi hewani, yavaliwa kwenye bwawa la mji lenye kanuni zake na watu wake, na hili ndilo lililonitesa kuliko zipu.

La kwanza ni bafu. Kwenye mabwawa ya huku kuna bango lasema uoge kwa sabuni, bila nguo ya kuogelea, kabla ya kuingia. Na Wajerumani hawana habari, wanawake wa rika zote wako pale kwenye bafu la pamoja uchi kama walivyozaliwa, wanapiga stori za mjukuu. Hawana nia mbaya, kwao mwili ni mwili. Lakini sisi hata baina ya wanawake tuna mpaka wetu, kitovu mpaka goti, na wanazuoni wengi wamezidisha stara mbele ya asiyekuwa Muislamu. Siku ya kwanza nlisimama mlangoni na sabuni mkononi nkarudi kwenye chumba cha kubadilishia nkakaa kwenye benchi. Dawa nliipata kwa kuuliza: mabwawa mengi yana vibafu viwili vitatu vyenye mlango, viko pembeni, wazee na watu wenye makovu ya opareshen wanavitumia. Nenda dakika kumi mapema vikiwa vitupu. Na oga kikweli kwa sabuni, usiwe unapitisha maji tu, manake lawama kubwa ya hawa watu juu ya burkini ni uchafu, wanadhani tumetoka nayo barabarani au tumevaa chupi na sidiria chini. Usivae kitu chochote cha pamba chini yake, kanuni haziruhusu na pia pamba yavuta maji.

Hiyo lawama ilinikuta. Mzee mmoja alitoka majini akaenda kwa msimamizi akasema kwa sauti kwamba kwa nguo zile maji yanachafuka. Msimamizi, kijana tu, akaja akaniomba radhi kwanza, akaniuliza kama aweza kuona kitambaa, nkampa mkono akaushika ule upindo wa mkono na vidole viwili, akaniuliza chini kuna nini, nkamwambia hakuna. Akamgeukia yule mzee akamwambia hiki ni kitambaa cha kuogelea, sawa na cha kwako. Kikaisha hapo. Lakini ile aibu ya kushikwa nguo mbele ya watu thelathini, na binti yangu yuko majini aangalia, hiyo nlikaa nayo wiki mbili sikurudi.

Kilichonirudisha ni kusoma. Nlikuwa sijui kwamba hili jambo lishafika mahakamani. Mji wa Koblenz, mwisho wa 2018 baraza la mji likapiga marufuku burkini kwenye mabwawa yake, hoja yao eti wasimamizi wapate kuona kama mtu ana ugonjwa wa ngozi au kidonda. Mama mmoja mkimbizi wa Kisyria alikuwa na maumivu ya mgongo, daktari amemwambia aogelee, akaenda kortini. Juni 2019 mahakama ya juu ya utawala ya jimbo ikaisimamisha ile marufuku, ikasema mbona wale wanaovaa nguo za neopreni za michezo za mwili mzima hamjawakataza, kama ni vidonda nao si wana ngozi? Mie nliposoma vile nkasema huyu jaji ametumia akili. Mama mgonjwa wa mgongo, hata lugha pengine hajaishika vizuri, na amewafungulia njia wengine.

Kuna nyengine ya nyuma kidogo na hii yatugusa sisi wazazi zaidi. Msichana wa Frankfurt, wazazi wake asili yao Morocco, miaka kumi na moja hivi wakati ule, alitaka asamehewe somo la kuogelea kwa sababu ni la mchanganyiko na wavulana wako vifua wazi. Septemba 2013 mahakama ya juu ya utawala pale Leipzig ikamwambia hapana, utaingia, lakini haki yako ya kuvaa burkini unayo. Aliendelea mpaka mahakama ya katiba, nako mwaka 2016 malalamiko yake hayakupokelewa. Uswisi pia, wazazi wa Basel walikataa kuwapeleka mabinti zao wadogo, wakapigwa faini ya faranga 1,400 kwa jumla, wakafika mpaka Strasbourg kwenye mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na Januari 2017 wakashindwa, na hoja mojawapo ya majaji ni kwamba shule ilishawapa ruhusa ya burkini.

Hili mie na mume wangu tuliligombania. Yeye alikuwa upande wa wale wazazi, alisema dola haina kazi ya kuniambia mwanangu aingie maji na nani. Namuelewa na sikuona ni mtu wa nyuma kwa kusema vile, ni baba. Lakini mie nlimwambia, Abu Samia, kumbuka Mtongwe. Na nkamkumbusha maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, wafundisheni watoto wenu kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, hakusema wavulana. Akanyamaza, akaenda akanunua miwani ya kuogelea ya mtoto. Hapo nkajua yamekwisha.

Na niseme la haki juu ya Ujerumani. Hii si dola isiyotaka kuiona dini, hapa dini yafundishwa shuleni na serikali yakusanya kodi ya kanisa kwa niaba ya kanisa. Kwa hivyo mtu ukidai nafasi yako ya dini kuna mlango wa kubisha, wakati mwengine mzito, lakini upo. Mwaka 2018 sekondari moja ya Herne, hapa hapa jirani, ilinunua burkini 20 za kuwaazima wanafunzi ili pasiwe na msichana mwenye kisingizio. Kelele zilipigwa nchi nzima, waziri wa familia wa wakati ule, Franziska Giffey, akasema jambo kubwa ni watoto wajue kuogelea. Nakubaliana naye neno kwa neno.

Ufaransa ndio kwengine. Wifi yangu ni Mngazija, yuko Marseille na watoto watatu, tulikwenda kwao kiangazi cha 2022 na mie nimebeba ile burkini ya pili kwa furaha zote. Akaicheka kwa huruma akaniambia, wifi, hiyo kwenye bwawa usiitoe kwenye mkoba. Mwezi wa tano mwaka ule baraza la mji wa Grenoble lilibadilisha kanuni ili burkini iruhusiwe, serikali ikapinga, na tarehe 21 Juni Conseil d'État, ndiyo mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, ikakataa, ikasema kuweka kanuni maalumu kwa ajili ya madai ya kidini kwavuruga huduma na usawa wa wateja. Na kwao hata wanaume hawaruhusiwi kaptula za kawaida, lazima ile chupi ya kubana. Ufukweni ni mambo mengine. Mwaka 2016, baada ya yale mauaji ya Nice ya tarehe 14 Julai, miji kama thelathini ya pwani, ikianza na Cannes, ilipiga marufuku burkini, mpaka ikasambaa ile picha ya mama wa Nice amezungukwa na polisi wenye silaha anavua kanzu ya juu mchangani. Siku chache baadaye, Agosti 26, hiyo hiyo Conseil d'État ikaisimamisha ya Villeneuve-Loubet ikasema uhuru hauondolewi bila hatari ya kweli.

Kwa hivyo twendeni baharini, wifi akasema, lakini asubuhi. Tulifika kabla ya saa moja, jua ndio kwanza lachomoza, sisi wanawake wanne, yeye na dada zake wawili na mie, watoto wamelala kwenye gari. Hakuna aliyetuzuia wala aliyetuangalia ila mzee mmoja na mbwa wake. Maji baridi ya kukata pumzi. Wale hawakujua kuogelea hata mmoja, na wazee wao ni watu wa visiwani, watu wa bahari kama mie. Nkamshika wifi chini ya mgongo nkamfunza kuelea, vile mwalimu wangu alivyonishika mie. Alipoelea akafunga macho akaanza kusoma kitu kwa sauti ya chini, sikumuuliza ni nini. Saa mbili na nusu watu wakaanza kujaa tukatoka. Sheria ile asubuhi ilikuwa upande wetu na bado tulikuwa twaondoka kabla ya wenyewe kufika, hilo lilinikaa moyoni mpaka leo.

Haya turudi kwenye nguo, ya tatu sasa. Nliinunua mapema 2023, duka la mavazi ya michezo ya stara, wana tovuti ya Kijerumani na wanapokea simu, nliwapigia mara mbili kuuliza kitambaa na wakanijibu kama watu wanaojua wanachouza. Yuro 69 si pesa ndogo, najua, nliweka kidogo kidogo. Lakini hebu angalia. Kitambaa ni nailoni na laikra, kinakauka haraka, ukitoka majini maji yanateremka hayakai. Kama wapata iliyoandikwa PBT kwenye lebo ni bora zaidi, hiyo ni aina ya polista isiyoogopa klorini, dadangu aliyeko Uholanzi ana hiyo na imekaa kuliko yangu. Kanzu inaishia katikati ya paja, si ndefu, na hapa wengine mtaniuliza stara iko wapi, stara iko kwenye suruali isiyobana kama ngozi na kitambaa kizito kidogo mbele kifuani, wameweka tabaka mbili. Ndani kuna kamba nne, mbili mbele mbili nyuma, wazifunga kwenye vitanzi vya suruali, na kanzu haipandi hata ukiruka kutoka ukingoni. Nimeruka mara nyingi sana najua ninachosema. Kofia ni mbili, moja ya ndani inayobana nywele, moja ya juu inayofunika shingo, waweza kuvaa ile ya ndani tu kama ni masaa ya wanawake watupu.

Kasoro zake: kola inakwangua kidogo shingoni ukiogelea zaidi ya nusu saa, paka mafuta ya mgando kabla. Saizi zao ni ndogo, mie kwa kawaida navaa 42 ya huku na hii nimechukua 44, lakini usipande zaidi ya moja. Rangi za kung'aa hawana, ni nyeusi, buluu ya usiku na kijani ya giza, na ukweli ni kwamba rangi nyepesi ikiloa inakuonyesha, usidanganywe na picha. Nyota nne na nusu.

Utunzaji wake: isuuze kwa maji baridi hapo hapo bwawani kabla hujaenda nyumbani, usiitie ile dawa ya kulainisha nguo, usiikamue kwa kusokota, ianike kivulini. Ukifuata haya itakuzidi mwaka.

Kuna dada zangu wa msikitini walioniambia burkini haifai kabisa, ikiloa yaonyesha umbo, na mahali penyewe pana wanaume. Nawaheshimu na sina fatwa ya kuwapa, muulizeni sheikh wenu. Nliloona mie ni kwamba mtu akiwa ndani ya maji mpaka shingoni haonekani umbo, pahala pa kuangalia ni zile hatua kumi za kutoka bwawani mpaka bafuni, na kwa hizo nnaweka taulo kubwa la kanzu, lile lenye kofia, ukingoni pale pale kwenye ngazi. Nikipanda tu nalivaa. Mabwawa mengine yana saa za wanawake watupu, ulizeni, ila ulizeni pia kama msimamizi wa saa hizo ni mwanamke, manake nlishafika nkakuta mwanamume amekaa kwenye kiti.

Ramadhani mie bwawa naliacha, maji yanaingia kooni bila kutaka na sitaki kuichezea funga yangu. Na Desemba angalieni saa, huku jua lazama kama saa kumi na nusu jioni, darasa letu la mchana likiisha nabaki na dakika chache za alasiri, kwa hivyo natia udhu pale pale kwenye kibafu, naswali kwenye chumba cha kubadilishia watoto kilicho na nafasi, mkeka mwembamba uko kwenye mkoba wa taulo. Hakuna aliyewahi kunigongea.

Jambo moja halikuwa kwenye hesabu zangu. Mama mmoja Mjerumani, ngozi nyeupe kama karatasi, aliniuliza nimenunua wapi. Amepasuliwa saratani ya ngozi, jua hataki hata kulisikia, na kwenye bwawa la nje anakaa chini ya mwavuli anaangalia wajukuu. Nkamtumia jina la duka. Yule mpishi wa Uingereza wa kwenye televisheni, Nigella Lawson, naye alipigwa picha ufukwe wa Bondi kule Sydney mwaka 2011 amevaa burkini nyeusi kwa ajili ya jua. Huyu mama wangu sasa ana ya buluu na huogelea mstari wa pembeni yangu.

Binti yangu Seepferdchen alipata, akapata na beji ya shaba inayofuata. Hajabaleghe, anavaa kaptula ya kuogelea na fulana ya mikono mirefu ya kitambaa hicho hicho, amechagua mwenyewe, ya zambarau. Siku yake ya burkini ikifika tutakaa mie na yeye tuzungumze, nlimwambia nitamnunulia ile anayoweza kukimbia nayo mbio majini akanishinda. Kunishinda tayari ananishinda.

Na mie beji yangu ya shaba nliipata Machi mwaka jana, dakika 15 za kuogelea bila kupumzika, kuruka, na kuzama mita mbili kuchukua kitu chini. Nimeishona kwenye kanzu, upande wa kushoto chini ya kamba.

Nyumbani pia yaja taratibu. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mwaka 2011 ulianza mradi wa Panje uliofunza wasichana kuogelea kwa burkini, na walimu walikuwa wanawake wa hapo hapo kijijini. Mombasa sijaona cha hivyo, mwenye habari anijuze. Disemba inshallah twaenda, nimeshaoda mbili kwa ajili ya watoto wa dadangu, saizi ya miaka 10 na ya miaka 13, za duka la tatu, wanapunguza bei ukichukua mbili kwa pamoja, ulizia kabla ya kulipa. Nlikuwa najiandaa kumshawishi mamangu aniruhusu nikawafunze pale pwani asubuhi. Juzi kwenye simu akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza wanashona mpaka saizi gani. Nkamwambia mpaka 52. Akasema basi niletee nyeusi.